Mchoro Usio na Jina

Mwalimu wetu wa ubunifu wa mashine aliamini kwamba Mungu aliweza kuiumba dunia kwa siku sita kwa sababu alikuwa ameichora kwanza. Sijui alilitoa wapi jambo hilo, maana kanisani hatukumwona hata Krismasi. Alikuwa Mzungu mrefu, mkavu, aliyezeekea katika karakana za treni huko kwao kabla ya kuletwa Nakuru kutufundisha sisi vijana wa Kiafrika kubuni vyombo na kuviunda kwa mikono yetu wenyewe. Kiswahili chake kilikuwa cha masetla, wale walowezi wa mashambani, kile kisichojua jana wala kesho. "Hapana fanya kitu kabla ya chora," alituambia kila asubuhi akigonga meza kwa rula. "Na hapana chora bila jina. Mchoro bila jina si mchoro. Ni karatasi chafu tu."

Tulimwiga sana bwenini. Mtu akipakua ugali aliulizwa kama ameuchora kwanza. Mtu akishona kiraka kwenye suruali tulimtaka aonyeshe jina la kiraka. Tulikuwa katika umri ule ambao kila neno la mtu mzima ni kichekesho, na tuliendelea kucheka mpaka siku mchoro wangu mimi, usio na jina, ulipompeleka mwenzangu rumande.

Hiyo ilikuwa miaka ya Emajensi, ile hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni dhidi ya waasi, na shule ya ufundi kama yetu ilikuwa kitu cha ajabu kidogo. Serikali ilitaka mafundi wa Kiafrika, wengi na upesi. Wakati huohuo, huko msituni watu walikuwa wakiunda bunduki kwa bomba la maji, komeo la mlango na springi, na kila mtu alijua kwamba kijana anayeweza kutengeneza bomba lisilovuja anaweza kutengeneza na hilo jingine. Kwa hiyo tulifundishwa kila kitu na hatukuaminiwa kwa chochote. Asubuhi tulipewa vipande vya bomba, boliti na springi kwa kuhesabiwa. Saa kumi tulivirudisha kwa kuhesabiwa, hata vilivyoharibika. Askari alisimama mlangoni akitupapasa mifuko. Siku moja alimkuta mmoja wetu na msumari, na maskini yule akaeleza kwa nusu saa kwamba umechomoka kwenye soli, mpaka akalazimika kuvua kiatu na kukitikisa mbele ya watu.

Mimi sikuwa na hofu sana. Kazi ya baba yangu ilikuwa kupaka mafuta magurudumu ya mabehewa ya reli, na tuliishi landhi, zile nyumba za reli za chumba kimoja, pamoja na watu wengine wa magharibi ya nchi walioifuata reli kama sisi. Emajensi haikuwa yetu. Ndivyo walivyosema wazee wetu, kwa sauti ya chini. Hatukutakiwa kubeba vitabu vya pasi kama Wakikuyu. Vumbi jeupe la ziwa lilipovuma wakati wa kiangazi tulilalamikia vumbi, basi, na usiku tulilala usingizi.

Mwenzangu wa meza hakulala sana. Alikuwa Mkikuyu wa Bahati, mtoto wa kibarua wa shamba la setla huko, na alikuwa shuleni kwa kibali chenye mihuri mitatu ambacho alikifunga ndani ya kitambaa na kukivaa kifuani. Alikuwa mfupi, mwenye maneno, asiye na subira yoyote na tupa. Akikwaruza chuma kwa tupa dakika tano alianza kukitukana kwa Kikikuyu. Lakini mpe kalamu! Herufi zake zilisimama wima, kimo kimoja, nafasi moja, na mwalimu, ambaye hakuwahi kumsifu mtu, alizibandika ukutani bila kusema ni za nani.

Na mimi sasa. Mimi ni mashoto. Nilizaliwa hivyo, na mwalimu wa darasa la kwanza katika shule ya misheni akaamua kumsahihisha Mungu. Samaki mkunje angali mbichi: kila mkono wa kushoto ulipogusa kalamu, fimbo iliugusa mkono. Nyumbani hakukuwa na nafuu, maana kwetu mkono wa kushoto haumpi mtu kitu, haupokei kitu, wala hauamkii mtu. Una kazi yake moja, na kazi hiyo hufanyiwa chooni. Basi nikakunjika. Nikala kwa kulia, nikasalimia kwa kulia, nikaandika kwa kulia, na herufi zangu zikawa kama zimeparuliwa na kuku. Karakanani tu ndiko mkono wangu wa kushoto ulikopumua. Chuma hakijui adabu. Hakuna aliyetazama ni mkono gani unaosukuma tupa, na mimi mwenyewe nilikwisha acha kutazama.

Hivyo tulikuwa na mapatano, mimi na huyu wa Bahati. Mimi nilimpigia tupa vyuma vyake, yeye aliiandikia herufi michoro yangu. Ilikuwa kinyume cha sheria, kwa sababu kila mwanafunzi alitakiwa afanye yote mwenyewe, lakini hatukuona dhambi. "We mashoto," aliniambia kila nilipomletea karatasi, "huu mkono wa kulia alikuazima nani? Mrudishie."

Mwaka wa mwisho kila mmoja wetu alitakiwa abuni mashine moja yenye manufaa, aichore, aiunde kama ilivyochorwa, na ifanye kazi mbele ya watahini. Hapo ndipo cheti kilipotoka. Nilichagua mashine ya kupukuchua mahindi, kwa ajili ya mama. Mama alikuwa akija landhi kutoka nyumbani na gunia la mahindi, anaketi mlangoni na kuyapukuchua kwa vidole gumba mpaka ngozi inabambuka, na nilipokuwa mdogo nilimwahidi chombo. Alicheka. Alisema vidole vyake havihitaji kupakwa mafuta kama magurudumu ya baba.

Mashine yenyewe haikuwa na maajabu. Kulikuwa na bomba pana la kutia hindi zima, sahani ya chuma yenye meno iliyozungushwa kwa mkono, na springi nene ya kulibana hindi likae sawasawa kwenye meno. Ukizungusha, meno yanalivuta hindi ndani, punje zinaanguka kwenye debe, gunzi linatokea chini. Niliichora kwa wiki tatu. Ilikuwa kazi safi, nasema mwenyewe, kwa kuwa mistari ya rula haijali mkono. Kilichobaki kilikuwa jina, na hilo nilimwachia mwenye kalamu. Nilimpa mchoro Ijumaa jioni. Akaulaza chini ya godoro lake usikunjike, akasema ataandika kesho, mkono ukiwa umepumzika.

Kesho yake asubuhi polisi walikuja.

Walikuja kukagua masanduku, kama walivyofanya mara kwa mara, na tulisimama kila mtu mbele ya kitanda chake. Ofisa alikuwa kijana wa Kizungu, mtoto wa setla, mwenye Kiswahili kizuri kuliko cha mwalimu wetu kwa kuwa alikinyonya kwa yaya. Vitanda vyetu sisi watu wa magharibi alivipita kwa macho. Vya Wakikuyu vilipinduliwa. Na chini ya godoro la mwenzangu ikatokea karatasi kubwa nyeupe, na juu yake, kwa wino mweusi, bomba lililochorwa kwa upande. Nyuma ya bomba, springi. Chini ya springi, mkono wa chuma uliopinda. Na kule kwenye kona, mistari miwili myembamba ya penseli aliyokwisha kuipiga ili herufi zisimame juu yake, na katikati ya mistari hiyo, hakuna neno.

"Hii ni nini?" ofisa akauliza, taratibu.

"Mashine ya kupukuchua mahindi, Afande."

"Mahindi yako wapi?"

"Mahindi hayachorwangi, Afande. Inachorwa mashine peke yake."

"Na jina lake?"

"Nilikuwa sijaandika bado."

"Mchoro ni wako?"

Nilikuwa kitanda cha tatu kutoka chake. Hakunitazama. Nimeishi miaka mingi tangu siku hiyo na bado naona jinsi ambavyo hakunitazama; alikaza macho ukutani kama mtu anayesoma tangazo. Akasema, "Ni ya shule, Afande."

Nilipaswa kusema ni wangu. Neno lenyewe lilikuwa fupi. Lakini nilijiambia kwamba atajieleza, maana ana maneno kuliko mimi; kwamba nikisema tutachukuliwa sote wawili, na wawili ni hasara kubwa kuliko mmoja. Mtu mwoga ni hodari wa hesabu. Wakamfunga pingu, wakakitoa kile kibali chake kifuani, wakaondoka naye. Sisi tuliobaki tukakitandika kitanda chake, vizuri kabisa, tukisaidiana. Jumapili nilikwenda kanisani na niliimba.

Ningependa kuandika hapa kwamba dhamiri ilinishinda nguvu. Ilinisumbua, ni kweli, lakini nitasema lililo kweli zaidi: nilifumbua kinywa kwa sababu ya alama. Jumatatu asubuhi mwalimu alipita meza kwa meza akikusanya michoro, na asiyekuwa na mchoro alipewa sufuri, na mwenye sufuri hakuwa na cheti.

"Wewe. Mchoro iko wapi?"

"Iko polisi, Bwana."

Darasa zima likageuka. Nikaanza kueleza habari ya mchoro, na ile habari ya mchoro ikavuta na nyingine nyuma yake, mpaka nikajikuta nalia mbele ya watu, nikisema ni wangu, ni wangu, yeye alikuwa ananiandikia jina tu. Nililisema mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Jumamosi ingetosha mara moja.

Nilitazamia mwalimu akasirike kwamba kijana asiye na kosa yuko rumande, au kwamba nilikuwa nikimdanganya kuhusu herufi. Alikasirika, shingo ikamwiva, lakini kwa jambo jingine kabisa: kwamba mtu mzima mwenye sare amesoma vibaya mchoro wa upande. "Bunduki gani?" alifoka. "Shimo yake naingia hindi mzima! Risasi gani nakuwa nene kama hindi?" Akavaa kofia, akachukua rula yake, sijui ya nini, akaingia garini na kwenda mjini.

Alirudi mchana na masharti. Ofisa hakushawishika, kwani faili ilikwisha funguliwa, na faili ikifunguliwa haitaki kulala njaa. Hata hivyo alikuwa amekubali jambo moja. Ijumaa angekuja shuleni na mahindi yake mwenyewe na mshukiwa wake. Mashine iundwe kama ilivyo kwenye mchoro, asiongeze mtu mstari wala asipunguze; mchoro wenyewe ulikwisha pigwa muhuri wa polisi, na mwalimu aliruhusiwa tu kuunakili, askari akitazama. Ikipukuchua, mwenzangu angeachiwa. Isipopukuchua, basi ni bunduki. Siku hizo watu walinyongwa kwa kukutwa na risasi moja mfukoni, na hilo hakuna aliyehitaji kuelezwa.

"Sasa wewe naona," mwalimu akaniambia, akinikabidhi nakala. "Jina."

Sidhani kama kuna mashine iliyowahi kuundwa Nakuru kwa utiifu kama ile. Kila shimo nilipima mara tatu. Wenzangu hawakuruhusiwa kunisaidia, kwa hiyo walipita karibu na meza yangu wakisahau vitu: tupa kali, kitambaa, kipande cha mkate. Nilipewa pia askari wa kunilinda mimi mwenyewe, mtu wa Kitui. Jumanne alinitazama kwa macho makali, mkono kwenye rungu. Jumatano alinishikia ncha ya bomba nikikata. Alhamisi alitaka kujua kama meno yakiwa madogo zaidi mashine itafaa kwa mtama.

Alhamisi hiyo saa tisa, askari akiwa ameenda kunywa chai, niliijaribu peke yangu kwa hindi moja nililoliomba jikoni. Nikatia, nikazungusha. Punje zikamwagika debeni, zote, na gunzi likatoka chini safi kama limeoshwa. Niliketi sakafuni kati ya vumbi la chuma nikacheka peke yangu. Nilishukuru, na nilikuwa na hakika.

Ijumaa wakaja. Mashine ilikuwa mezani, uwanjani mbele ya karakana, na mwalimu alikuwa amevaa tai. Landrova ikasimama. Ofisa akashuka, askari wakashusha gunia la mahindi ya shamba la baba yake, mahindi makubwa ya kupendeza, na nyuma yao wakamshusha mwenzangu. Alikuwa na pingu, na upande mmoja wa uso ulikuwa umevimba. Siku sita zilikuwa zimemkondesha kama miezi sita. Wakamsimamisha kando ya gari.

Basi mimi, mbele ya Wazungu wawili, askari wanne, wapishi na shule nzima, nilifanya kama nilivyofunzwa na fimbo ya misheni na nyumba ya mama. Nilisimama wima. Nikatia hindi bombani. Nikaushika mpini wa mashine kwa mkono wa heshima, nikazungusha.

Hindi likatoka. Halikutoka chini. Lilitoka lilikoingilia, na kwa nguvu ya ile springi niliyokuwa nikijivunia lilivuka meza na kuanguka miguuni pa ofisa. Halikupoteza hata punje kumi.

Ofisa akalitazama. "Inapiga," akasema.

Nikatia jingine, nikazungusha kwa nguvu zaidi, maana mtu aliyepotea njia huongeza mwendo. La pili lilimgonga kifuani. Askari mmoja akainua bunduki yake, ya kweli hiyo. "Jana ilifanya kazi," nilikuwa nikisema, "jana ilifanya, Bwana, jana ilifanya." Mwalimu alikuwa ameinama juu ya nakala akifuata mistari kwa kidole. Nilipapasa boliti, springi, meno. Kila kitu kilikuwa vilevile kilivyochorwa, na hiyo ndiyo iliyokuwa balaa yenyewe. Niliogopa kumtazama mwenzangu. Nilikuwa nimemuua mara mbili, kwanza kwa kunyamaza, sasa kwa mashine.

"Mkono!" mtu akapiga kelele. Ilikuwa sauti yake. "We mashoto! Wacha kujifanya mtu wa adabu! Tumia mkono yako!"

Askari akamsukuma akae kimya, lakini nilikwisha sikia. Wiki tatu nilipokuwa nikichora, mkono uliokuwa ukiizungusha ile mashine kichwani mwangu ulikuwa wa kushoto. Mkono wa kulia huzungusha kama saa inavyokwenda, na wa kushoto huzungusha kinyume, na meno nilikuwa nimeyalaza kuufuata huo wa pili. Ukizungusha kwa kulia meno hayavuti hindi, yanalitema. Jana hakukuwa na mtu wa kumwonyesha heshima, kwa hiyo nilikuwa nimetumia mkono niliozaliwa nao, wala sikugundua.

Nikabadilisha mkono. Naapa niliona haya hata saa ile, kama vile mama alikuwa amesimama kati ya wale wapishi. Nikazungusha. Punje zikaanza kugonga debe. Hindi la kwanza likashuka, la pili, la tatu, na magunzi yakadondoka chini matupu. Wanafunzi wakapiga makofi na miguu, na yule askari wangu wa Kitui akapiga makofi pamoja nao kabla hajakumbuka kazi yake.

Ofisa akataka kujaribu mwenyewe. Kwa kulia, hindi likamrudia tumboni. Kwa kushoto, likashuka. Akacheka kama mtoto, akavua kofia, akaendelea mpaka gunia likapungua robo, na sote tukasimama juani, na mwenzangu na pingu zake, tukimsubiri ashibe mchezo. Mwishowe akajipangusa mikono.

"Mashine nzuri," akamwambia mwalimu. "Lakini inakwenda upande mbaya."

"Iko kama mchoro," mwalimu akajibu.

Ikabaki faili. Ofisa aliutandaza mchoro juu ya boneti ya Landrova, akaiona ile kona tupu, akasema hawezi kufunga faili ya kitu kisicho na jina. Kwa hiyo wakamfungua mwenzangu pingu, mwalimu akampa kalamu yake mwenyewe, na pale mbele ya watu akaifanya kazi aliyoahidi kuifanya Jumamosi. Vifundo vya mikono vilikuwa na alama nyekundu na kidole kimoja kilikuwa kimefura. Aliijaribu kalamu kwanza kwenye kiganja. Kisha akaandika juu ya mistari yake miwili: MASHINE YA KUPUKUCHUA MAHINDI. Akaliandika jina langu palipotakiwa jina la mchoraji. Na chini, kwa herufi ndogo ambazo hakuna aliyemwagiza: Izungushwe kwa mkono wa kushoto. Zote zilisimama wima. Mwalimu alizitazama kwa muda, akatazama kwingine.

Tulidhani sasa anabaki. Lakini kibali chake kilifutwa siku aliyokamatwa, na kibali kilichofutwa hakifufuki kwa sababu tu mtu hana kosa. Lazima kiombwe upya, na kiombwe kutoka Bahati, ambako watu wao walikuwa wakihamishiwa kijiji kipya chenye handaki na waya. Ofisa alieleza haya kwa upole. Hakuwa mtu mbaya siku ile, alikuwa ameshapata kucheka. Basi mwenzangu, ambaye sasa hakuwa na hatia kabisa, akapanda tena gari lilelile. Nilimnyooshea mkono wa kulia. Akaukataa. Akanyoosha wake wa kushoto, akaushika wangu wa kushoto, akasema, "Huu ndio wenye kazi." Nilitaka kumwomba msamaha kwa ajili ya Jumamosi, lakini gari lilikuwa linanguruma.

Mchoro ulirudishwa shuleni baada ya wiki kadhaa, na mtihani ukafika. Watahini waliuona ule muhuri wa polisi pembeni na nadhani waliuchukulia kuwa baraka ya serikali, maana hawakuuliza. Kwa utendaji walinipa nusu, kwa kuwa mashine ilifanya kazi upande usio wa kawaida. Kwa uandishi wa mchoro walinipa kumi kwa kumi, na wakaongeza kwamba ni mfano wa kuigwa. Nilizijumlisha alama zangu mara mbili. Bila zile kumi nilikuwa nimeanguka.

Baba alikitia cheti fremu na kukitundika landhi, juu ya kitanda chao. Mashine nilimpelekea mama. Aliigusa kila mahali, akaisifu sana, akauliza inazungushwaje, na nilipomwonyesha akaifunika kwa gunia pole pole. Alisema hawezi kuwalisha watu chakula cha mkono wa kushoto. Akaketi mlangoni na mahindi yake, na mimi, fundi mwenye cheti, nikaketi kando yake nikapukuchua kwa vidole.

Miaka ilipita, Emajensi ikalegea, nami nilikuwa nimeajiriwa katika karakana ya reli. Siku moja ya mapumziko nikachukua baiskeli nikapanda Bahati. Sikujua pa kuanzia kuuliza. Haikuhitajika. Nilipofika madukani nikaona HOTELI, nikaona KINYOZI, nikaona MASHINE YA UNGA, na kila herufi ilikuwa imesimama wima, kimo kimoja, nafasi moja. Nikashuka kwenye baiskeli. Nikaisukuma nikizifuata herufi.

Alikuwa juu ya ngazi akipaka mlango wa duka la nguo. Akanitambua kabla sijasema, akashuka na brashi mkononi, tukaingia hotelini kunywa chai. Alinisimulia kwamba aliomba kibali mara mbili, na jibu zuri lilipofika, darasa letu lilikuwa limekwisha tawanyika. Alisimulia kama habari ya mtu mwingine, tena akachekea mahali fulani. Mimi nilikuwa nimekuja na neno langu moja, nililobeba tangu mjini, tangu zamani.

"Ile Jumamosi," nikaanza.

"Hebu kwanza," akasema. "Walikupa ngapi kwa herufi?"

"Kumi."

"Juu ya kumi?"

"Juu ya kumi."

Akaweka kikombe chini, akatazama nje mlangoni, kwenye maneno yake mwenyewe upande wa pili wa barabara. "Basi mimi pia nilipita," akasema.

Nikamwambia ndiyo, alipita. Ile habari ya Jumamosi sikuweza kuiendeleza, na yeye hakuniuliza tena.